Fomu ya Mwenza

Kwa miaka kumi na tisa Chuma aliendesha malori ya mafuta bila kuugua hata siku moja, na hakuacha mtu asahau. Mwenzake akipiga chafya, yeye hucheka. Mwenzake akiomba ruhusa ya kwenda hospitali, yeye huuliza kama anakwenda kujifungua. Jina la Chuma walimpachika kwa utani, akalivaa kama cheo. Kwa hiyo mafua yalipompata hatimaye, hakuna aliyempa pole kutoka moyoni, na yeye mwenyewe hakukubali kwamba yamempata.

"Vumbi tu," alisema, macho mekundu, pua imeziba kama imetiwa saruji.

Alikuwa safarini. Lori lao lilikuwa na tangi la lita elfu arobaini, na safari ya siku mbili ilihitaji madereva wawili: mmoja anashika usukani kwa muda wa saa nne, mwingine analala kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti, kisha wanabadilishana. Mwenza wake alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Chuma ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyemwombea nafasi, na ndiye aliyemwita Kifaranga siku ya kwanza alipozima gari mlimani. Sasa yule bwana alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, ana watoto wawili na ndevu za kutosha, lakini mbele za watu Chuma aliendelea kumwita Kifaranga, naye aliendelea kuitika.

Kila safari ilipoisha, kila dereva alijaza fomu ya mwenza. Ilikuwa karatasi moja yenye maswali manne. Je, mwenzako alikunywa pombe? Je, alitumia simu akiwa kwenye usukani? Je, alizidisha mwendo? La nne liliongezwa baada ya dereva mmoja wa kampuni, mkoromaji aliyejulikana yadi nzima, kusinzia mchana kweupe na kulilaza lori mtaroni. Madaktari walisema alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Alikuwa analala lakini hapumziki. Tangu hapo swali la nne likawa: Je, mwenzako alikoroma? Anayeandikiwa "ndiyo" anateremshwa kwenye usukani siku hiyohiyo, mpaka apimwe na daktari wa usingizi.

Sasa tusidanganyane. Hakuna dereva aliyekuwa akijaza fomu ile kwa haki. Desturi ilikuwa kuijaza kabla lori halijatoka getini: hapana, hapana, hapana, hapana, sahihi, basi. Wengine walijaza za wiki nzima asubuhi ya Jumatatu wakinywa chai. Nikune hapa nami nikukune pale. Chuma mwenyewe ndiye aliyemfundisha Kifaranga hivyo, kama alivyomfundisha kubadilisha tairi.

Ndiyo maana hakuelewa waliporudi safari ile akaitwa ofisini na Mama Ratiba, bosi wa usafirishaji, mwanamke mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Kaa," alisema. "Mwenza wako ameandika ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"La nne."

Chuma alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka akashika meza. Mama Ratiba alisogeza kikombe chake mbali.

"Mimi sikoromi. Muulize mke wangu."

"Mke wako si dereva wetu." Akaigeuza karatasi ili aione. Mwandiko wa Kifaranga ulikuwa wa kitoto, herufi zimesimama moja moja: *Ndiyo. Alikoroma sana safari nzima. Mara mbili pumzi ilikata nikasimamisha gari kumwangalia.* "Funguo naomba."

Alizitoa. Alizivuta kutoka kwenye mkanda wake kama mtu anayejing'oa jino, akaziweka mezani, akatoka bila kuaga.

Alimkuta Kifaranga kwenye bomba nyuma ya karakana, ananawa grisi. Mafundi wawili walikuwa karibu, na Chuma alifurahi kwamba wako.

"Shukrani ya punda," alisema. "Nimekuokota huna hata leseni. Nimekupa kazi, nimekupa dada yangu—"

"Dada yako hukunipa, shemeji. Alinikubali mwenyewe."

"Usinijibu! Unataka lori langu. Sema tu mbele ya hawa."

Kifaranga alifunga bomba. Mikono yake ilikuwa inatiririka maji, hakuwa na pa kuifutia. "Ulikuwa unakoroma mpaka kioo kinatetemeka. Halafu unanyamaza. Kimya kabisa. Nahesabu moja, mbili, tatu, nafika nane, ndipo unavuta pumzi kama mtu anayetolewa majini. Nyuma yetu kuna lita elfu arobaini. Baada ya saa moja unashika usukani wewe. Ningeandika nini?"

"Ungeandika nilivyokufundisha."

"Nimeandika nilichosikia."

"Basi sikia na hili. Mlango wangu usiukanyage. Wewe, wala huyo uliyemwoa."

Mafundi wakainamisha vichwa kwenye injini. Neno lile lilikuwa zito, na Chuma alijua ni zito, lakini alikuwa amekwisha kulitoa, na si mtu wa kurudisha kitu mdomoni.

Kesho yake alikwenda zahanati. Daktari, binti mdogo mwenye barakoa, alimwangalia koo kwa tochi, akamsikiliza kifua, akamuuliza maswali ambayo Chuma aliyajibu kana kwamba anahojiwa na polisi.

"Ni mafua ya virusi," alisema. "Pua imeziba, koo limevimba ndani. Ukilala hewa inapita pembamba, ndiyo maana unakoroma. Hii ya kwako ni ya kupita. Siku kumi, kumi na nne, uvimbe ukishuka na kukoroma kunakwisha. Kunywa maji mengi, lalia ubavu, na usiwaambukize watu. Ukiona mwezi umeisha na bado unakoroma, hapo urudi."

"Niandikie hivyo."

Akaandikiwa. Alibeba ile karatasi mpaka ofisini ameishika kwa mikono miwili. Mama Ratiba aliisoma yote, akabadilisha miwani, akaisoma tena.

"Nakuamini," alisema, na Chuma akanyoosha mkono kuelekea kwenye ndoano ya funguo. "Ila kanuni haisemi daktari wa zahanati. Inasema daktari wa usingizi, na foleni yake ni miezi miwili. Na baada ya siku thelathini lori linapewa mtu mwingine moja kwa moja, unajua hilo."

"Kwa hiyo?"

"Kuna njia moja tu ya mkato. Aliyeandika anaweza kufuta. Kwa mwandiko wake, kwa hiari yake, aseme alikosea. Nenda kaongee na shemeji yako."

"Nikambembeleze Kifaranga?"

"Nimesema kaongee."

Hakwenda. Angekwenda, hadithi hii ingeishia hapa na mimi ningekuwa na shughuli nyingine. Lakini Chuma alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Alikubali kazi aliyopewa wakati wa kungoja, ambayo kwa dereva wa miaka kumi na tisa ilikuwa tusi: kusimamia chumba cha mapumziko. Humo madereva walilazimika kulala saa chache kabla ya safari. Palikuwa na vitanda sita, mapazia ya bluu, na daftari kubwa lenye kurasa za namba. Msimamizi anaandika saa ya kulala, saa ya kuamka, na katika safu ya mwisho, hali ya usingizi. Dereva aliyemtangulia kwenye kiti kile alikuwa mzee anayengoja pensheni. Chuma alikuwa na miaka arobaini na nane.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mazuri. Mkewe alivumilia siku tatu, ya nne akabeba godoro lake kwenda sebuleni.

"Si wewe uliyesema hukoromi?" alimuuliza asubuhi. "Jirani ameniuliza kama tumenunua mashine ya kusaga."

"Ni mafua."

"Najua ni mafua. Hata mtoto wa jirani anajua ni mafua. Ndiyo maana wifi amekuja jana na mtoto mgongoni, anataka kuongea na wewe yaishe, nawe umejifungia chooni nusu saa."

"Nilikuwa naumwa tumbo."

"Ulikuwa unaumwa kiburi."

Siku ya kumi na moja koo lilifunguka. Siku ya kumi na tatu mkewe alirudisha godoro, na asubuhi yake akamwambia amelala kimya kiasi kwamba ilibidi amwekee mkono puani ahakikishe yupo. Chuma alimaliza chai yake akaenda kazini. Mwili ulikuwa umepona kabisa. Kilichobaki kilikuwa hasira, nayo ilikuwa na afya kuliko aliyokuwa nayo mwenyewe kabla ya ugonjwa. Siku za safari aliketi kwenye kile kiti akisikia lori lake linawashwa nje, analijua kwa mlio kama unavyojua kikohozi cha baba yako, na anayelipeleka ni Kifaranga pamoja na dereva wa akiba. Gia ya tatu inapigwa kwa nguvu. Ile gia haitaki nguvu. Alikuwa anaumia kwelikweli, na hakumwambia mtu.

Siku ya ishirini na nne, saa sita mchana, Kifaranga aliingia chumbani.

Alikuwa amerudi na lori asubuhi ile na alipangiwa kuondoka nalo tena saa kumi na mbili. Macho yalikuwa mekundu. Pua ilikuwa inachuruzika, na mfukoni alikuwa na leso iliyokwisha kuwa tambara. Chuma alimtazama juu hadi chini na akajua, kwa mtazamo mmoja, huyu ana nini. Mafua yake yalikuwa yamezunguka yadi nzima, na kitanda kile cha nyuma ya viti kilikuwa na mto mmoja, uliolaliwa na kila dereva kwa zamu.

"Shikamoo, shemeji," alisema Kifaranga kwa sauti iliyokauka. Hata shikamoo hiyo haikuwa ya lazima kati yao, aliitoa tu.

Chuma aliandika saa. Hakuitika.

"Nimeacha bahasha kwa Mama Ratiba," Kifaranga akasema. "Nilitaka—" Kikohozi kikamkata. Alingoja kidogo pengine Chuma atauliza ni bahasha gani. Chuma alikuwa anachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Basi Kifaranga akavua viatu, akavuta pazia, akalala.

Haikupita robo saa.

Kwanza ulikuwa mluzi mwembamba. Kisha ukaja mkwaruzo, kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu ya saruji. Kisha ukaja mngurumo wenyewe, wa kupanda na kushuka, mpaka dereva mmoja kitanda cha mwisho akatukana na kujifunika mto. Halafu kimya. Chuma alijikuta anahesabu. Alifika sita, pumzi ikarudi kwa kishindo.

Alivuta daftari.

Mtu mwingine yeyote katika yadi ile angeweza kusingizia kutojua. Mama Ratiba hakuwa daktari. Wale mafundi hawakuwa madaktari. Lakini Chuma alikuwa ameangaliwa koo kwa tochi, amesomewa somo lote, amelala siku kumi na mbili na pua ya aina ile, na amepona. Alijua mkoromo ule ni wa siku chache. Alijua hata siku utakapokwisha. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Angeweza kuandika *ana mafua, apumzishwe*, ikawa kweli tupu, na Kifaranga akarudi kwenye usukani wiki ijayo.

Aliandika: *Anakoroma. Pumzi inakata.* Akapigia mstari. Akaona hautoshi, akapigia wa pili. Akatia sahihi, akaangalia alichoandika, na akaridhika. Niseme wazi, maana wengine watataka kumsafisha: hakutetemeka, hakusitasita tena, hakumwonea huruma mdogo wake wa kike. Alisikia utamu, ule wa kukuna pale palipowasha siku nyingi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Alilibeba daftari mwenyewe, ingawa kwa kawaida hupelekwa jioni.

Mama Ratiba alikuwa amesimama. Kwenye meza palikuwa na bahasha iliyofunguliwa, na kando yake, funguo. Chuma alizijua kwa kile kipande cha mpira mwekundu alichokifunga mwenyewe.

"Nilikuwa nataka kukuita," alisema Mama Ratiba, na kwa mara ya kwanza tangu Chuma amjue, alikuwa anatabasamu. "Soma."

Ilikuwa karatasi moja, herufi zimesimama moja moja. *Nafuta taarifa yangu juu ya mwenza wangu. Sijawahi kukoroma maisha yangu, lakini tangu nipate mafua haya mwenza wangu mpya ananiambia nakoroma, na jana nimejiamsha mwenyewe kwa kelele. Kwa hiyo shemeji alikuwa na mafua tu, mimi nilidhani ni ule ugonjwa. Naomba arudishiwe lori. Naomba na mimi nipumzishwe siku saba, halafu kama itafaa nirudi kuwa chini yake.*

Chuma alisoma mpaka mwisho.

"Kila kitu kimetimia," alisema Mama Ratiba. "Bado kugonga muhuri tu. Hilo daftari umelileta la nini mapema hivi?"

"Hamna kitu. Nitalileta jioni."

Lakini alikuwa ameshalinyoosha mbele yake wakati wa kupokea karatasi, na Mama Ratiba alikuwa ameshalishika. Akafungua palipowekwa kalamu. Akabadilisha miwani. Lile tabasamu likaondoka taratibu.

"Hii umeandika lini?"

"Sasa hivi. Mama, hebu nilifute hilo."

"Kurasa zina namba."

"Basi nakata kwa mstari, naandika pembeni. Ni mafua tu yale, yanapita."

"Umejuaje ni mafua?"

"Si nilikuwa nayo mimi!"

"Kwa hiyo ulijua," alisema kwa sauti yake ileile ya siku zote, "ukaandika pumzi inakata. Ukapigia mstari mara mbili." Aliketi. "Dereva akishaandikwa hivi, amesimamishwa kuanzia saa iliyoandikwa hapa. Saa sita na dakika arobaini. Na dereva aliyesimamishwa hawezi kufuta taarifa ya mtu. Muhuri wangu ulikuwa haujagongwa. Ungekuja bila daftari, ungeondoka na funguo."

"Gonga sasa. Nani atajua?"

"Mimi." Akachukua funguo zenye mpira mwekundu, akazirudisha kwenye ndoano. "Na likianguka lori moja mwaka huu, wataanza na kufungua daftari hili. Nyote wawili mtangoja daktari wa usingizi. Lori nampa yule wa akiba. Siku zako thelathini zikitimia, ni lake."

Chuma alifungua mdomo kumtukana, akaona hakuna wa kutukanwa chumbani mle isipokuwa mmoja, naye hakuwa Mama Ratiba.

Alirudi kwa kuzunguka nyuma ya karakana, njia ndefu. Alipofika, pazia lilikuwa limefunguliwa. Kifaranga alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, nywele zimesimama, uso umevimba kwa usingizi na ugonjwa. Nje lori liliwashwa. Yule wa akiba alikuwa anajaribu gia. Kifaranga aligeuza kichwa kusikiliza, kisha akamtazama shemeji yake na uso ukamchangamka.

"Mbona uko hapa? Si ameshakupa funguo?"

Chuma aliketi kwenye kitanda cha pili, wakatazamana magoti kwa magoti.

"Nimeandika kwamba unakoroma," alisema. "Nimeandika pumzi inakata."

Kifaranga alifuta pua kwa lile tambara lake. Ilimchukua muda kuelewa, na Chuma aliona anavyoelewa, kidogo kidogo, mpaka mwisho.

"Lakini shemeji," alisema, "ni mafua."

"Najua," alisema Chuma.